Chuo kimepanda au kimeporomoka? Magazeti mawili, habari mbili, chuo kimoja

Swali: "Mwanangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Ndani ya wiki mbili nimekata vipande viwili vya magazeti kuhusu chuo chake. Kimoja kinasema chuo kimepanda hadi nafasi ya 1001 duniani. Kingine kinasema kimeporomoka kwa nafasi 212. Nani anadanganya? Na je, nimhamishe?"

Ndugu mzazi,

Yaelekea hakuna aliyedanganya. Vipande ulivyonitumia nimevisoma mara mbili. Cha kwanza kinataja orodha ya Times Higher Education, jarida la Uingereza linalopanga vyuo vikuu vya dunia. Cha pili kinazungumzia Webometrics, ila jina hilo limezikwa aya ya sita, chini kabisa ya picha ya wahitimu wakirusha kofia. Hizo ni orodha mbili zisizojuana. Ni sawa na kumpima mtoto urefu kwa futi kamba leo, kesho ukampima uzito, kisha ukashangaa kwa nini namba hazilingani.

Webometrics ilianzishwa mwaka 2004 na maabara ya baraza la taifa la utafiti la Hispania, na kwa kawaida hutoka mara mbili kwa mwaka. Inapanga taasisi zaidi ya 30,000. Nusu ya alama zake hutokana na tovuti za nje zinazoelekeza viungo kwenye tovuti ya chuo. Chuo kikibadilisha anwani ya tovuti na viungo vya zamani vikafa, kinaweza kushuka vibaya hata kama hakuna mhadhiri aliyeondoka wala kitabu kilichopotea maktaba. Na katika orodha ndefu kiasi hicho, nafasi 212 ni kama mtu kusogea hatua moja kwenye foleni ya kuingia uwanjani. Gazeti halikukwambia foleni ina watu wangapi. Lilikwambia hatua tu, tena kwa kitenzi "kuporomoka".

Nikupe mfano wa chuo ambacho hakuna anayekishuku, London School of Economics. Katika orodha ya Shanghai, ile inayotengenezwa China, ya mwaka 2023 kilikuwa kwenye kundi la nafasi 151 hadi 200. Katika orodha ya QS, kampuni ya Uingereza, ya 2024, iliyotoka mwaka huohuo wa 2023, kilikuwa cha 45. Mwandishi mmoja angeweza kuandika kwamba chuo hicho kimeingia 50 bora, na mwenzake wa meza ya pili akaandika kwamba hakimo hata kwenye 150 bora, na wote wawili wakawa sahihi. Orodha ya Shanghai inahesabu tuzo za Nobel na za Fields (hizi ni za hesabu), watafiti ambao kazi zao hunukuliwa sana na wenzao, na makala zilizochapishwa katika majarida kama Nature na Science. Chuo cha sayansi za jamii kitapata wapi alama za fizikia na tiba? QS kwa upande wake inauliza maelfu ya wanataaluma na waajiri ni vyuo gani wanaviheshimu, na hapo jina kubwa linajilipa lenyewe.

Sasa hiyo nafasi ya 1001. Nilifungua orodha yenyewe, jambo ambalo nakushauri ulifanye kila mara kwa sababu ni bure na haichukui dakika tano. Pale haikuandikwa 1001. Imeandikwa 1001–1200. Huko chini waandaaji huacha kutoa nafasi moja moja, wanaweka makundi, kwa sababu wao wenyewe wanajua kwamba tofauti ya alama kati ya chuo na chuo ni ndogo mno kuibebesha maana. Mwandishi akachukua namba ya kwanza, akaitupa ya pili. Nimewahi kuona vituko zaidi ya hivyo. Orodha ya Shanghai hupanga vyuo vya kundi moja kwa alfabeti. Mwandishi mmoja niliyefanya naye kazi alihesabu kwa kidole mstari kwa mstari ndani ya kundi, akatangaza kwamba chuo fulani kimekipita kingine kwa nafasi 31. Ukweli ni kwamba kimoja kilianza na herufi B na kingine na herufi K.

Usimlaumu sana. Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la habari za elimu kabla ya kuhamia kufundisha waandishi namna ya kusoma namba, na najua jinsi habari hizi zinavyopikwa. Barua pepe inaingia siku moja au mbili kabla, ikiwa na sharti kwamba isichapishwe mpaka saa fulani. Ndani yake kuna muhtasari wa dunia, kuna jedwali la nchi yako, na nukuu ya mkuu wa orodha akisema mashindano yamezidi kuwa makali. Baada ya nusu saa simu inaita: ni kitengo cha uhusiano cha chuo, wanauliza kama umeiona, na wanatuma nukuu ya makamu mkuu wa chuo, "tumepokea matokeo haya kwa unyenyekevu." Saa kumi mhariri anataka maneno 400. Kila kitu kiko mezani isipokuwa swali moja: kimebadilika nini pale chuoni tangu mwaka jana? Swali hilo linahitaji mtu aende huko, na hakuna muda wa kwenda.

Kinachobaki ni kuchagua kitenzi. Chang'ara, chapaa, chatamba, chaporomoka, chapigwa kumbo. Hizo ni lugha za mpira, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaodhani tatizo la habari hizi ni makosa ya tarakimu. Tarakimu mara nyingi ziko sawa. Tatizo ni ligi. Kwenye ligi timu ya saba na ya nane zimekutana uwanjani, zikafungana mabao, mashabiki wakaona. Vyuo havijawahi kukutana popote. Wanaovipanga wanachukua namba za aina mbalimbali, wanaamua kila aina ibebe uzito gani, wanajumlisha, na jumla ndiyo inayoitwa nafasi. Ukibadilisha uzito, msimamo wote unageuka bila mpira hata mmoja kupigwa.

Na uzito hubadilishwa. Juni 2023 QS walitoa toleo lao la 2024 wakiwa wamepanga upya vigezo. Sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma ilishushwa kutoka asilimia 40 hadi 30. Uwiano wa wahadhiri na wanafunzi, ambao kwa mzazi kama wewe huenda ndio kigezo chenye maana kuliko vyote, ulikatwa nusu kutoka 20 hadi 10. Sifa mbele ya waajiri ikapanda kutoka 10 hadi 15. Vikaongezwa vipya vitatu vya asilimia 5 kila kimoja: ajira za wahitimu, mtandao wa utafiti wa kimataifa, na uendelevu. Asubuhi yake University of Melbourne ilikuwa imeruka kutoka nafasi ya 33 hadi 14. Sydney ilitoka 41 na New South Wales ilitoka 45, zote zikatua kwenye 19. Berkeley kutoka 27 hadi 10. Tokyo ikashuka kutoka 23 hadi 28, na vyuo vya Korea Kusini vikapinga kwa pamoja.

Jiulize, ndugu mzazi: chuo kikubwa chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi kinawezaje kuwa bora kwa nafasi 22 ndani ya miezi kumi na miwili? Hakiwezi. Vyuo ni kama mibuyu, vinakua taratibu na vinaoza taratibu. Ukiona chuo kimeruka ghafla, angalia kwanza mizani ndipo uangalie mzigo. Magazeti kadhaa yalitaja mabadiliko ya vigezo mwaka ule, nayapa haki yao, ila yaliyataja chini, baada ya aya za shangwe au za kilio. Mimi ningeyaweka kwenye kichwa cha habari. Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya siku ile.

Kama unataka kuona habari ya namna hii inavyoweza kufika mbali, rudi Malaysia mwaka 2004. Jarida la Times Higher lilikuwa limetoa kwa mara ya kwanza, likishirikiana na QS, orodha ya vyuo 200 bora duniani. University of Malaya ikawa ya 89. Chuo kikafurahi, na mabango yakatundikwa kutangaza kwamba kimo kwenye mia bora ya dunia. Mwaka uliofuata kikawa cha 169. Nafasi 80 zimepotea kwa mwaka mmoja! Magazeti yakawaka, wanasiasa wa upinzani wakadai uchunguzi, kiongozi wa chuo akasakamwa, na mwaka 2006 nafasi yake ilichukuliwa na mtu mwingine. Kumbe mwaka ule wa kwanza waandaaji walikuwa wamewahesabu Wamalaysia wenye asili ya China na India kuwa wageni, na kigezo cha wanafunzi na wahadhiri wa kimataifa kikavimba. Mwaka wa pili kosa likasahihishwa. Chuo hakikuwahi kupanda kwa kiasi kile, na kwa hiyo hakikushuka kwa kiasi kile. Mabango yale yalikuwa yanasherehekea kosa la uainishaji.

Mfano wa Alexandria nao unafundisha, ila kwa ufupi. Mwaka 2010 chuo hicho cha Misri kilitokea nafasi ya 147 duniani kwenye orodha ya Times Higher, na kwa kigezo cha kunukuliwa kikawa cha nne, mbele ya Harvard na Stanford. Sehemu kubwa ya alama zile ilitokana na makala za mtu mmoja aliyekuwa akichapisha mfululizo katika jarida aliloliongoza mwenyewe. Safari hii miongoni mwa walioligundua hilo walikuwemo waandishi wa habari, na ni vyema kulisema.

Ila mara nyingi anayegundua si mwandishi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa hiki ndicho ninachowasomea wanafunzi wangu kila mwaka.

Jarida la U.S. News la Marekani limekuwa likipanga vyuo tangu 1983. Columbia University ilipoingia kwenye orodha hiyo mwaka 1988 ilikuwa ya 18. Miaka ikaenda, ikapanda ngazi kwa ngazi, mpaka ikafika ya pili. Kila hatua iliandikwa. Februari 2022 profesa wa hesabu wa palepale Columbia, Michael Thaddeus, akaweka hadharani uchambuzi mrefu. Chuo kilikuwa kimewaambia U.S. News kwamba asilimia 82.5 ya madarasa ya shahada ya kwanza yana wanafunzi chini ya 20. Thaddeus hakuhitaji nyaraka za siri. Alifungua orodha ya masomo ambayo chuo chenyewe huiweka wazi, ikionyesha kila darasa lina waliojiandikisha wangapi, akahesabu. Akapata kati ya asilimia 62.7 na 66.9. Alipoendelea na tarakimu nyingine nazo zikaanza kuyumba. Septemba mwaka huohuo chuo kikakiri kwamba baadhi ya takwimu zake zilikuwa na kasoro, na toleo jipya la orodha likakirudisha mahali kilipoanzia: nafasi ya 18.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni udogo wa kazi yenyewe. Gazeti lolote lenye mwandishi mmoja mvumilivu na siku chache za nafasi lingeweza kufanya hesabu ile miaka mingi kabla. Takwimu za darasa zilikuwa pale pale, hazina nywila. Lakini hakuna aliyefungua, kwa sababu nafasi ya pili ilikuja ikiwa tayari imepikwa, na sisi waandishi tukishapewa chakula kilichoiva hatuulizi nani alichinja.

Na wapo waliochinja vibaya kwa makusudi. Temple University ya Philadelphia ilikuwa na shahada ya uzamili ya biashara, iliyofundishwa kwa mtandao, iliyoshika nafasi ya kwanza miaka minne mfululizo kwenye orodha ya jarida hilohilo. Kumbe takwimu zilizopelekwa zilikuwa za uongo. Mojawapo ilidai kwamba wanafunzi wote wapya walikuwa wamewasilisha alama za mtihani wa kujiunga. Aliyekuwa mkuu wa shule ile ya biashara alitiwa hatiani mwaka 2021 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 14. Kwa hiyo ukisoma "kwa mujibu wa takwimu", uliza za nani. Mara nyingi ni za chuo chenyewe, kimejijazia fomu na kuituma chenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo magazeti hayalisemi sana, labda kwa sababu linawagusa. Orodha hizi zilizaliwa kwenye vyombo vya habari. U.S. News lilikuwa jarida la habari. Times Higher Education ilianza mwaka 1971 kama toleo la pembeni la gazeti la The Times. Guardian ina orodha yake ya vyuo vya Uingereza. Orodha huuza nakala, huleta wasomaji, na siku hizi kampuni zinazozitengeneza huuza kwa vyuo hivyohivyo matangazo, ushauri, mikutano na uchambuzi wa takwimu. Sisemi kwamba nafasi zinanunuliwa; sina ushahidi wa hilo. Nasema tu kwamba anayeuza mizani na anayeuza ushauri wa namna ya kuwa mzito ni duka moja, na msomaji ana haki ya kuelezwa hivyo kabla hajafika aya ya mwisho.

Utaona pia siku nyingine gazeti likiandika kwamba chuo fulani "kimetoweka" au "kimeshindwa kuingia". Kabla hujasikitika, fahamu kwamba Times Higher haikipangi chuo ambacho hakijatoa walau makala 1,000 za utafiti ndani ya miaka mitano, wala kisichofundisha shahada ya kwanza. Ndiyo maana chuo cha tiba cha University of California kilichopo San Francisco, ambacho Shanghai hukiweka karibu na kilele, humo hukikuti kabisa. Wengine hujitoa wenyewe. Mwaka 2020 taasisi saba kubwa za teknolojia za India zilikataa kushiriki zikitaka uwazi zaidi. Utrecht ya Uholanzi iliacha kupeleka takwimu mwaka 2023, Zurich ya Uswisi ikafuata 2024. Orodha nayo hurefuka: ile ya Times Higher iliyoanza na vyuo 200 ilikuwa na 1,904 katika toleo la 2024. Chuo cha 190 kwenye orodha ya 200 kiko mkiani. Chuo cha 500 kwenye orodha ya 1,904 kina wenzake 1,400 nyuma yake. Kusema chuo "kimeporomoka" kutoka 190 hadi 500 bila kueleza kwamba orodha imerefuka ni kumtisha mtu bure.

Na angalia mwaka ulioandikwa. Toleo la 2024 hutoka 2023, na takwimu zilizomo huweza kuwa za mwaka mmoja au miwili nyuma zaidi. Makala zinazohesabiwa ni za miaka mitano iliyopita. Makamu mkuu wa chuo anayepongezwa leo huenda anavuna alichopanda mtangulizi wake, na anayefukuzwa huenda anabeba deni lisilo lake.

Tuje kwa mwanao. Umeuliza umhamishe. Kwa vipande hivi viwili, hapana, wala usingemhamishia kwingine kama vyote viwili vingekuwa vya sifa. Sehemu kubwa ya kilichopimwa humo ni utafiti wa wakubwa na viungo vya tovuti. Kama anasomea ualimu au uhasibu, chuo kizima kinaweza kuwa cha 1001–1200 na idara yake ikawa imara, au kikawa cha 90 na idara yake ikawa na wahadhiri wawili waliochoka. Orodha za masomo mojamoja zipo, nazo ni afadhali kidogo, ingawa nyingi bado zinahesabu makala kuliko ufundishaji.

Akirudi likizo muulize mambo ambayo hakuna barua pepe ya saa kumi itakuletea. Kwenye somo lake gumu kuliko yote, wanakaa wangapi darasani? Kazi anayokusanya inarudi baada ya wiki ngapi, na inarudi na maneno au na alama tu? Mhadhiri wake anamjua kwa jina? Waliomaliza idara hiyo mwaka juzi wako wapi sasa? Hilo la kwanza anaweza kulijibu kwa kugeuza shingo na kuhesabu vichwa, kama alivyofanya yule profesa.